Panya wa Wikioni

Mwanapili alimjua msichana yule kabla hajataja jina. Alimjua kwa paji la uso. Alilala na paji lile mto mmoja katika ujana wake, na hata angelikutana nalo katikati ya msongamano wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, angelilitambua bila ya kutazama mara mbili. Sasa lilikuwa limesimama mlangoni kwake, juu ya macho ya mtoto wa kike, chini ya mtandio wa kijani.

Mwanapili alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, sinia la asmini mbele yake, anatunga vikuba. Ndiyo kazi yake. Biharusi wa Mji Mkongwe hatolewi ukumbini bila ya kikuba kifuani, asmini na mrehani na mkadi, na watu husema vya Bi Mwanapili ndivyo vinavyonukia mpaka asubuhi. Ameshawapamba mabiharusi wasio na idadi, na harusi yake mwenyewe ikamwishia vile ilivyomwishia.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba."

Hakumwambia akae.

"Mimi ni Khairat. Binti yake..."

"Nakujua. Sema kilichokuleta. Maua haya yakishachanua hayatungiki."

Msichana akajikalisha mwenyewe pembeni kabisa ya mkeka, nusu yake iko sakafuni. Akasema yuko chuo kikuu, anasomea majengo, na kazi yake ya mwisho ameiandika juu ya mawikio.

Wikio ni daraja lililojengwa juu, likaezekwa na kuzungushiwa kuta, likaunganisha nyumba mbili zinazotazamana juu ya uchochoro. Watu wa zamani waliyajenga wanawake wapate kutembeleana dari kwa dari, bila ya kushuka njiani na kuvaa buibui. Yamebaki machache sana mjini. Moja lilikuwa hapo hapo, nyuma ya ukuta ambao Mwanapili ameuegemea.

"Kuna mkutano Istanbul," Khairat alisema. "Wa watu wanaoandika historia ya majengo. Waliomba kazi za wanafunzi kutoka kila nchi, na yangu wameipenda."

"Hongera."

"Lakini nauli sina. Chuoni wamenambia fungu limekwisha. Nimezunguka maofisini mpaka viatu vimenipasuka, kila mmoja ananambia njoo wiki ijayo. Baba zangu wadogo ndio kabisa, wanasema mtoto wa kike haendi Uturuki kutazama magofu na hapa tunayo ya kutosha." Akacheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye, akaacha. "Sasa hawa wenye mkutano wana mfuko wa wanafunzi. Wanalipa ndege, wanalipa pa kulala. Wamenichagua. Ila wanataka kazi iwe kamili, wikio zima lichorwe, ncha zote mbili. Nimewapelekea nusu. Wamesema mwisho wa mwezi huu ikiwa sijaleta nusu ya pili, nafasi yangu anapewa mwengine."

"Na nusu ya pili iko wapi?"

Khairat alitazama nyuma ya mgongo wa Mwanapili.

"Kibali cha kuufungua ukuta nshapata. Nipime tu, halafu fundi aurudishe kama ulivyo. Kama ulivyo kabisa."

Mwanapili akapitisha sindano katika ua, akalivuta likawafikia wenzake kwenye uzi.

"Waandikie umekuta ukuta."

"Bi Mwanapili..."

"Kwani si kweli? Umekuja, umekuta ukuta. Nenda, mwanangu, niache nna kazi."

Neno "mwanangu" lilimtoka kwa mazowea, kama linavyomtoka kwa wateja wote. Lilimkera mpaka magharibi.

*

Ukuta ule aliujenga Machano, fundi wa chokaa, na aliyemwita ni Mwanapili mwenyewe.

Nyumba ya upande wa pili wa wikio ilikuwa ya kina Mayasa. Walizaliwa wakitazamana. Walisoma Kurani chuo kimoja, wakatolewa siku moja, na skuli hawakupelekwa wote wawili. Walikuwa wakinunua doti moja ya kanga wakaigawa, kipande chako kipande changu, ili kila mmoja alazimike kumtafuta mwenzake akitaka kuvaa sare. Na wikio lilikuwa lao. Mchana kutwa lilikuwa na vishindo vya miguu yao.

Wikio lina adabu yake. Mwanamume halipiti. Na hata mwanamke, akifika katikati hukohoa, aliyeko upande wa pili apate kujisitiri, kisha hungoja aambiwe karibu. Mwanapili aliujua ukohozi wa Mayasa kama anavyojua sauti ya mlango wake.

Mwanapili aliolewa na Haroub, karani wa bandarini, mtu wa maneno laini na kofia safi, akaja kukaa naye hapo hapo katika nyumba ya wakfu ya babaake. Mayasa aliolewa Mangapwani, akaachika mapema, akarudi kumuuguza mamaake aliyekuwa amepoteza macho. Kila Ramadhani Mwanapili alikuwa akivusha sinia la futari kwa yule mzee, muhogo wa nazi na samaki, kawa juu yake. Alilivusha mwenyewe. Akikohoa, anaambiwa karibu, anaingia, anambusu bibi mkono, anarudi kabla ya adhana.

Mwaka ule Ramadhani ilimkuta amejifungua. Mtoto wa kiume, Mabrouk. Mzazi aliye ndani ya arubaini hatoki chumbani, seuze kuvuka wikio kwenye upepo. Na Mayasa asingekuja kulifuata sinia, kwa sababu saa za futari Haroub yuko nyumbani, na mwanamke asiye na mume haingii pahala penye mume wa mtu saa hizo. Sasa sinia lifike vipi? Mwanapili akafikiri kidogo, akamwambia mumewe.

"Wewe piga ukohozi, liweke sinia kizingitini, urudi. Usitazame ndani."

Haroub akaenda, akakohoa, akaliweka, akarudi. Siku za mwanzo alirudi mbio kama aliyekanyaga moto. Baadaye alirudi kwa mwendo. Baadaye Mwanapili, amelala na mtoto kifuani, alisikia adhana imeadhiniwa na sinia jengine, lao wenyewe, limekaa na kawa yake halijaguswa.

Mabrouk hakufika arubaini. Homa ilimchukua Ramadhani inaishia, na Mayasa alikuja kwa njia ya wikio, akakohoa, akaingia, akamshika Mwanapili kichwa, wakalia pamoja mpaka kanga zao zikaloa. Hilo Mwanapili hajawahi kulielewa. Angelikuwa amelia kwa uongo ingelikuwa nafuu.

Hakuna aliyemwambia kitu. Alijua kwa jambo moja tu. Baada ya Idi, Mayasa alikuja kumtazama akapitia njiani. Alishuka ngazi za kwao, akavaa buibui, akavuka uchochoro, akapiga hodi chini kama mgeni. Mwanapili alipomwona anapanda ngazi, amejifunika, macho sakafuni, akamuuliza:

"Wikio lina nini?"

Mayasa akasema, "Hamna, nimetaka kunyoosha miguu."

Wiki ile ile Haroub akakiri kuwa amemwoa Mayasa. Alisema ni halali yake, na kweli ilikuwa halali yake. Mwanapili hakubishana naye. Alimwita Machano.

Talaka ilimfika chokaa haijakauka. Haroub alihamia upande wa pili, na alikaa huko umri wake wote, mtupo wa jiwe kutoka kitanda chake cha kwanza, mpaka alipokufa. Siku ya hitma yake Mwanapili aliisikia yote kupitia ukutani. Hakwenda. Alikaa hapo hapo kwenye mkeka, akatunga maua, na jioni akayatupa.

*

Khairat alirudi baada ya siku chache. Safari hii hakuomba kitu. Alisema anataka kununua kikuba.

"Unaolewa?"

"Nani anioe mimi? Nimechomwa na jua kwa kupima kuta za watu."

Mwanapili akamtilia kimoja kwenye jani la mgomba. Msichana hakuondoka. Alichukua sindano iliyolala, akaanza kutunga, vibaya, maua yakigeukiana visogo.

"Unayanyonga hayo. Lishike kwenye kikonyo."

"Hivi?"

"Enh. Hivyo."

Wakatunga pamoja. Kisha Khairat akasema, macho yake kwenye uzi, "Ile redio yako ya zamani, bado unayo?"

"Redio gani?"

"Uliyokuwa ukiifungulia alasiri. Kulikuwa na nyimbo moja ya taarabu, ikianza tu unaizima. Mimi nilikuwa nikingoja uizime. Nikisema sasa hivi, sasa hivi, na kweli, tik."

Mkono wa Mwanapili ulisimama.

"Nani kakwambia habari hizo?"

"Hajanambia mtu. Nikisikia. Mama akilala mchana mimi nikiingia wikioni. Upande wetu ni mlango tu, haukufungwa. Nilikuwa sina ndugu wa kucheza naye, nikijilaza pale chini ya ukuta wako nakusikiliza. Ukitwanga, ukiimba, ukigombana na yule mwanamke wa mkaa." Alitabasamu. "Nilikuwa nakwita Bibi wa Ukutani. Na nilikuwa nikikuonea wivu."

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Una mtoto. Nilikuwa nikikusikia unasema naye. Mabrouk, leo jua kali. Mabrouk, mamako kachoka. Nikasema, basi yuko mtoto mwenzangu upande ule, kafungiwa ndani. Nikimkwaruzia kwa kijiko aje tucheze. Na kila nikikwaruza..."

Mwanapili aliweka sindano chini.

Aliyakumbuka yale makwaruzo. Miaka mizima aliyasikia, alasiri, chini kabisa ya ukuta. Alisema ni panya. Alinunua sumu akaimwaga pembezoni mwa sakafu. Na makwaruzo yakizidi, alinyanyua mchi akaupiga ukuta kwa nguvu zake zote, akasema, potelea mbali, mlaaniwa wewe.

"Ukipiga ukuta nikikimbia," Khairat alisema taratibu. "Lakini nikirudi. Nikidhani ndiye Mabrouk anajibu."

Nje mtu alikuwa akipita na kahawa, anagonganisha vikombe. Mwanapili aliusikiza mlio ule mpaka ukapinda kona.

"Mabrouk alikufa," alisema. "Hajawahi hata kukaa kitako."

"Nimelijua hilo ukubwani. Nisamehe, mama mkubwa."

Mama mkubwa. Ndivyo inavyostahiki, mtoto amwite hivyo mke wa kwanza wa babaake. Lakini hakukuwa na mtu duniani aliyewahi kumwita Mwanapili mama wa namna yoyote. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema kwa ukali, kama anayegomba:

"Mwambie fundi Machano aje kesho. Na ajue kufagia, sitaki vumbi kwenye maua yangu."

*

Machano sasa alikuwa mzee wa mgongo uliopinda. Alipiga nyundo mara ya kwanza, ukuta ukairudisha nyundo kama unaoisukuma.

"Bibi wee," alisema, "nyumba ngapi nilizozijenga zimeanguka, na huu niliouchanganya na hasira zako umekataa kufa."

"Piga, yakhe. Ulilipwa kuujenga, utalipwa kuuvunja, shida yako nini?"

Ulipofunguka, hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi na yenye harufu ya mbao kuukuu. Wikio lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Viambaza vyake vya mbao vilikuwa vile vile, na vidirisha vyake vya kutazamia njiani. Lakini chini, kimo cha mtoto, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, uso unaotazama wikio, kulikuwa na michoro ya mkaa. Nyumba. Paka. Mwanamke asiye na uso, kwa sababu aliyemchora hajawahi kumwona, na kando yake mtoto wa kiume, kichwa kikubwa, mikono imenyooka. Machano alikuwa ameshavunja nusu ya kichwa kile. Mwanapili akamwambia asimame. Akapiga magoti, akaugusa mkaa kwa kidole, ukamganda.

Siku zilizofuata zilikuwa siku nzuri, na Mwanapili alizila kama mtu anayekula akijua sahani ni ya kuazima. Khairat alikuja asubuhi na mapema, akapima, akachora. Mwanapili alimshikia ncha ya tepu. Alimpikia. Alimtilia mafuta ya nazi kichwani akisema nywele zile zimekuwa kama makumbi. Alimuuliza kama Istanbul kuna baridi, akamtolea sweta kuukuu la Haroub, akacheka alipolivaa likamfika magotini. Mayasa hakuonekana. Mlango wa upande wa pili ulikaa umerudishwa, na kupitia hapo Mwanapili alisikia ndara zikiburuta, akanusa kitunguu cha mwenzake kikikaangwa, akajifanya hasikii wala hanusi.

Mchoro ulipelekwa. Jibu lilirudi. Mfuko umekubali, tikiti ya ndege imeletwa kwenye simu. Khairat alimwonyesha, na Mwanapili, asiyejua kusoma, akaitazama tikiti kwa muda mrefu kama anayemtazama mtoto usingizini.

"Sasa nisomee," alisema. "Hayo utakayowasomea wao. Unisomee kwa Kiswahili."

Khairat akakaa kitako, akasoma, akifasiri kutoka Kiingereza. Akasoma juu ya mawe na chokaa na boriti za mikandaa. Akasoma juu ya ukohozi wa katikati, na Mwanapili akaitikia kwa kichwa, ndivyo. Kisha akafika pahala akasoma upesi kidogo.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo penye kuzibwa."

Msichana akarudia. "Wikio lilizibwa upande wa mashariki, kwa sababu ukuta ulikuwa dhaifu na ilihofiwa usije ukaanguka."

Ukuta ule haukuwa dhaifu. Machano alikuwa amevunjikiwa na nyundo juu yake.

"Nani alihofu?"

"Mama mkubwa, mama aliniomba. Na baba ni marehemu. Ndugu zake watatazama, mkutano wanauonyesha kwenye simu. Siwezi kumweka babangu mbele za watu wageni, nikasema..."

"Sijakwambia umseme babako. Wala mamako. Waache." Akamshika mkono. "Sema hili limezibwa na mama wa Mabrouk. Basi. Jina hilo tu. Hakuwahi kutajwa pahala, si kwenye kitabu si kwenye msikiti, alizikwa asubuhi na mchana watu wakaenda sokoni kununua vitu vya Idi. Mtaje mara moja. Sikuombi kitu chengine maisha yako."

Khairat akasema, "Nitasema."

Alisema huku akiutazama mkeka. Mwanapili aliliona hilo, na akajilazimisha asilione.

*

Alasiri ya siku ya mkutano, Mwanapili alikuwa ametandika mkeka na hakuweka maua. Alikuwa hana simu ya kuonyesha picha. Khairat alimwambia atapata mtu wa kumwonyesha, naye hakuuliza mtu gani.

Wikioni, katikati, mtu akakohoa.

Mdomo wa Mwanapili ulijibu kabla ya yeye mwenyewe. "Karibu," ulisema.

Pazia lililotundikwa palipovunjwa ukuta likasogezwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke mnene anayevuta mguu mmoja, miwani puani, hina imefifia vidoleni. Mwanapili alitafuta uso wa Mayasa ndani ya uso ule, akaukuta, mahala pale pale ulipokuwa.

"Mtoto kaniamrisha," Mayasa alisema. Akainua simu kama anayeonyesha kibali.

"Kaa."

Wakakaa, simu wameiegemeza kwenye kinu. Akatokea mzungu akazungumza, kisha Khairat akasimama, mtandio wa kijani, mdogo mno mbele ya ukumbi ule. Akaanza. Kiingereza chote. Wanawake wawili wakainama kwenye kioo, vichwa vyao karibu kugusana, na hakuna aliyefahamu kitu. Walishika maneno kama mtu anayedaka matone. Zanzibar. Wikio. Zanzibar. Pakaonyeshwa picha ya wikio, na ukingoni mwa picha mkono umeshika ncha ya tepu. Mkono wa Mwanapili, pete yake ya fedha. Mayasa akauona pia, akavuta pumzi.

Mwanapili alikuwa akingoja. Alijua jina lile litamfika hata likisemwa kwa Kichina. Pakatokea picha ya ukuta kabla haujavunjwa, na Khairat akasema maneno kadhaa, upesi kidogo. Picha ikapita. Zikaja nyingine, nyumba za watu wengine. Wakapiga makofi. Yule mzungu akarudi, akasoma kwenye karatasi, na Mwanapili akasikia wazi: Khairat Haroub.

Wakapiga makofi tena.

Mayasa alikuwa akilia kwa furaha, anajifuta chini ya miwani. Kisha akamwona mwenzake, akaacha.

"Hakulitaja," Mwanapili alisema.

"Mimi nilimwambia asilitaje."

"Kwa nini? Mtoto mchanga alikukosea nini?"

"Likitajwa hilo watu watauliza la pili." Mayasa akaikunja simu ndani ya kanga. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Na mimi nimechoka, Mwanapili. Tangu ukuta huu ufunguliwe mwanangu halali kwangu mchana, hali kwangu. Mama mkubwa kasema, mama mkubwa kapika. Kaniaga uwanja wa ndege kwa kunambia nikusalimie wewe. Umenichukulia mwanangu."

Mwanapili aliona kuwa mwenzake hana mzaha, kwamba maneno yale yamemtoka moyoni, na yanamuuma.

"Nawe ndiye wa kunambia mimi habari ya kuchukuliwa," alisema.

Hakulisema kwa sauti kubwa. Mayasa alijinyanyua kwa kuushika mguu wake mbaya, akaliendea pazia, akasimama.

"Nilikuwa nikitaka kuja," alisema akiwa amempa mgongo. "Kila mwaka."

"Njia uliijua."

Ndara zikaburuta juu ya mbao, zikafika, mlango ukarudishwa.

*

Machano alikuja asubuhi yake.

"Safari hii nkuwekee mlango," alisema. "Mlango mzuri, nna mbao ya msaji. Ukitaka unafunga, ukitaka unafungua."

"Weka mawe."

"Na michoro hii ya mtoto?"

"Iache ndani."

Akaweka mawe. Mwanapili alimpa chokaa kwa mkono wake. Jiwe la mwisho lilipokaa, ukumbi ukarudi kuwa na joto kama zamani.

Khairat alirudi kutoka Istanbul na habari nyingi na sanduku la halua ya Kituruki. Alikuja kwa njia ya mtaani, akapiga hodi chini. Alipofika juu akauona ukuta, akasimama akiwa ameshika sanduku kwa mikono miwili.

"Walinipa dakika chache tu, mama mkubwa. Nilitaka, wallahi, lakini zilikwisha."

"Haidhuru, Bi Khairat. Umefanya vizuri, nimekuona." Akaipokea halua, akaionja mbele yake, akaisifu. Akamuuliza kama sweta lilimfaa. Wakazungumza mazungumzo ya watu wanaoheshimiana, na msichana alipoondoka Mwanapili alimsindikiza mpaka juu ya ngazi, kama anavyowasindikiza wateja. Sasa anasoma huko huko Uturuki, mfuko ule ule umemchukua. Huleta salamu kwa watu.

Juzi alasiri, Mwanapili anatunga maua ya biharusi wa Malindi na redio yake inaimba, chini ya ukuta pakaanza makwaruzo. Madogo, ya haraka, yanasita, yanaanza tena. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mchi. Akaunyanyua.

Alijua kuwa ni panya. Mtoto yuko mbali, na yule mwengine yuko mbali zaidi, na Mayasa hawezi tena kupiga magoti. Ni panya, na asubuhi atakuta wamemtafunia mkeka.

Akaushusha mchi taratibu usitoe mlio, akaizima redio, akakaa akisikiliza.